Sura ya Sita: Anza na Kikombe

Mtu akiambiwa kwamba mwili wake hauivumilii salisileti, kitu cha kwanza anachotafuta ni orodha. Akiipata anaibandika kwenye mlango wa friji, na kabla mwezi haujaisha jikoni mwake hamna nyanya, hamna embe, hamna iliki, hamna bizari; amebaki na wali mweupe, kabichi ya kuchemsha na hasira. Ukimwuliza, je, chai? Anakujibu kwamba ya maziwa ameiacha, siku hizi anakunywa ya rangi tu, tena iliyokolea. Hapo unajua orodha imemhangaisha bure. Ameondoa chembe, amebakiza mzigo.

Salisileti ni jamii ya kemikali ambazo mimea huzitengeneza kwa kujihami. Jani likishambuliwa na virusi, bakteria au ukungu, asidi ya salisili hupanda humo na sehemu nyingine za mmea hujiandaa kwa shambulio. Karibu kila mmea unayo. Kinachotofautiana ni kiasi, na kiasi kinatofautiana mno.

Binadamu aliifahamu kama dawa kabla hajaifahamu kama tatizo. Mwaka 1763 kasisi Mwingereza, Edward Stone, aliiandikia Royal Society ya London kuhusu gome la mwerebi alilokuwa akiwapa watu wenye homa. Mwaka 1897 Felix Hoffmann, mkemia wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani, aliibadilisha asidi ya salisili kwa kuipachika kikundi kidogo cha asetili, na mwaka 1899 dawa hiyo ikaingia sokoni kwa jina la Aspirin. Kikundi hicho kidogo ndicho kinachowachanganya watu mpaka leo. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kazi iliyompa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Asetili ya aspirini hung'ang'ania kwenye kimeng'enya kinachozitengeneza na kukifunga kabisa. Asidi ya salisili iliyomo kwenye karoti au bamia haina asetili hiyo, na uwezo wake wa kukifunga kimeng'enya hicho ni hafifu.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mwenye pumu. Uko ugonjwa unaojulikana tangu daktari Mfaransa Fernand Widal alipoueleza mwaka 1922, na baadaye ukaitwa kwa jina la Max Samter, aliyeuandika upya na mwenzake mwaka 1968: pumu, nyama za puani zinazoota tena hata baada ya kukatwa, na kubanwa kifua mtu akimeza aspirini. Katika kila watu wazima 100 wenye pumu, takriban 7 wanao. Kidonge kimoja kinaweza kuwapeleka hospitali usiku huohuo, na si aspirini peke yake. Ibuprofeni na diklofenaki nazo hufunga kimeng'enya kilekile. Daktari atawakataza dawa hizo bila kupepesa macho. Lakini wakimwuliza habari ya maembe, wengi watajibiwa wale tu. Ni kweli kwamba majaribio madogo ya watafiti wa Kanada, yaliyochapishwa katikati ya muongo uliopita, yaliona pua za wagonjwa wa aina hii zikipata nafuu walipopunguza salisileti kwenye chakula. Ni matokeo ya kutia moyo, ila waliopimwa ni wachache, na nafuu waliyoipata haikuwaondolea haja ya dawa.

Mbali na hao wako wanaotokwa na mabaka ya kuwasha yasiyokoma kwa wiki nyingi, na wale wanaolalamikia tumbo, kichwa au mafua ya kudumu baada ya kula vitu fulani. Kwa kundi hili ushahidi umelegea zaidi. Hakuna kipimo cha damu cha kutostahimili salisileti, wala cha kuchoma ngozi. Anayekuuzia kipimo cha namna hiyo anakuuzia karatasi. Naamini watu wa aina hii wapo. Naamini pia kwamba ni wachache kuliko wanaojidhania, na kwamba baadhi ya waliojiwekea jina hilo wanasumbuliwa na kitu kingine kabisa: vumbi la godoro, samaki jodari aliyekaa juani, salfaiti inayohifadhi matunda makavu, au vidonda vya tumbo ambavyo havijatibiwa.

Halafu ipo tofauti ambayo ni ya hatari kuikosea. Mzio wa karanga au wa kamba unaweza kuwashwa na punje moja, na unaweza kuua. Salisileti haifanyi kazi hivyo. Inakwenda kwa kujaa: ya asubuhi inaongezwa na ya mchana, ya mchana na ya jioni, kama mtungi unaotiwa maji kata kwa kata, na dalili hutokea unapofurika. Mtu anakula nanasi Jumatatu, salama. Alhamisi anakula nanasi lilelile baada ya vikombe vinne vya chai na mchuzi wa bizari, anavimba midomo, analilaani nanasi. Aliyelaaniwa alikuwa wa mwisho kuingia tu.

Sasa tuirudie orodha. Nyingi kati ya zinazozunguka zina mzazi mmoja: kazi ya Anne Swain na wenzake wa Hospitali ya Royal Prince Alfred, Sydney, iliyochapishwa mwaka 1985. Walinunua vyakula 333 na kuvipima kimoja kimoja, wakaandika kila kimoja kina miligramu ngapi za salisileti katika gramu 100. Nyama, samaki, mayai na maziwa vilitoka bila kitu au na chembe isiyohesabika. Mchele, ngano na shayiri, sifuri. Dengu, sifuri. Choroko, sifuri. Kabichi, sifuri. Kiazi ulaya kilichomenywa, sifuri. Ndizi mbivu, sifuri. Unga wa mahindi ulipata 0.43, na kunde chini ya 0.1. Isome tena safu hiyo polepole, maana ni sahani ya kila siku ya mamilioni ya watu kuanzia Kigoma hadi Lamu. Ugali, samaki na kabichi. Wali na choroko. Ndizi na nyama. Mtu wa pwani au wa bara mwenye tatizo hili hana sababu ya kukaa na njaa, wala ya kununua unga wa ajabu kutoka dukani kwa wageni. Msingi wa chakula chake tayari uko chini.

Mzigo unakaa kwingine. Katika jedwali lile chai iliyochemshwa ilikuwa na kati ya miligramu 2 na 7 katika kila mililita 100, kutegemea aina ya majani. Kikombe cha kawaida ni mililita 200. Kwa hesabu hiyo kikombe kimoja cha chai iliyokolea kinaweza kubeba miligramu 4 hadi 14, na nyumba nyingi za kwetu hakuna anayekunywa kimoja. Kahawa haikufika hata miligramu 1.

Ndiyo maana nasema anza na kikombe. Watu hukimbilia kuondoa tangawizi na iliki kwenye chai wakiacha majani yaendelee kutokota, ilhali hesabu inasema kinyume. Tangawizi mbichi ina miligramu 4.5 katika gramu 100. Kipande cha gramu 5 ulichokiponda kinaleta 0.2 tu. Iliki ina 7.7 katika gramu 100, lakini nani anatia gramu 100? Punje mbili hazifikishi nusu gramu. Mzigo wa chai ya viungo uko kwenye majani ya chai. Kwa wiki chache kunywa maziwa ya moto yenye iliki, au kahawa ukiiweza, uone mwili unasema nini kabla hujagusa kitu kingine chochote. Wazee wanaokaa barazani na bilauri zao ndogo za kahawa chungu wamo katika usalama zaidi kuliko kijana anayekunywa chai ya rangi ofisini kutwa nzima.

Baada ya kikombe njoo kwenye makopo ya viungo, na hapa napenda tupime sufuria mbili kwa sababu watu huziogopa kwa kupishanisha. Sufuria ya kwanza ni pilau ya watu sita. Tuseme umetia kijiko kikubwa cha bizari nyembamba iliyosagwa, yaani gramu 6 hivi. Kwa kipimo cha Sydney, miligramu 45 katika gramu 100, hiyo ni 2.7. Mdalasini gramu 3 unaleta karibu nusu miligramu. Iliki, karafuu na pilipili manga, vyote pamoja, havifiki nusu nyingine. Sufuria nzima ina takriban miligramu 3.5, na ukiigawa kwa sahani sita kila mmoja anapata kama 0.6. Sufuria ya pili ni mchuzi wa kuku wenye vijiko viwili vikubwa vya bizari ya mchuzi ya dukani. Unga huo ulipata miligramu 218 katika gramu 100. Gramu 12 zake ni miligramu 26, na kila sahani inaondoka na zaidi ya 4. Bado hujatia manjano ya ziada, ambayo yana 76, wala paprika, ambayo ina 203.

Basi pilau ya sikukuu, inayokolezwa na kuogopwa kwa sababu inanukia mtaa mzima, ni nyepesi mara saba kuliko mchuzi wa bizari wa Jumanne. Harufu si kipimo. Na anayepika mchuzi wa tui kwa kitunguu, kitunguu saumu, ndimu na pilipili manga nyeupe, akaiacha bizari ya kopo, atakuwa na chakula kitamu chenye mzigo mdogo sana. Kitunguu maji kina 0.16, kitunguu saumu 0.1. Nyanya mbichi ina 0.13, ila rojo ya nyanya ya kopo hufika 1.44, kwa kuwa nyanya nyingi zimekamuliwa zikawa kijiko kimoja. Anayesema "nyanya zinanidhuru" aulizwe kwanza: zipi?

Matunda yanataka subira kidogo. Papai na embe yana karibu 0.1, pasheni 0.14, tikitimaji karibu 0.5. Nanasi, mapera na machungwa hupanda hadi kati ya 2 na 2.4. Tende kavu ni 4.5, na zabibu kavu hufika 6 na kupita, kwa sababu maji yameondoka na vingine vyote vimebaki. Anayefuturu kwa tende tatu anapata miligramu 1 hivi. Hiyo ni sunna yake na sioni sababu ya kumnyang'anya. Ajitazame kwa kile kinachofuata: juisi ya nanasi, kisha chai, kisha mchuzi, vyote ndani ya saa moja ya tumbo tupu. Maganda nayo yana lake. Pea iliyomenywa ilitoka bila kitu, yenye ganda ilikuwa na 0.31. Tofaa la kijani la Granny Smith lilikuwa na 0.59 huku Golden Delicious likiwa na 0.08. Menya kwa unene, chagua lililoiva. Sukari nyeupe ni sifuri, lakini asali inaweza kufika miligramu 11, jambo linalowaudhi wengi waliohamia kwenye asali kwa ajili ya afya.

Kabla hujaziamini namba hizi kama bei za dukani, ujue maabara nyingine zimepata tofauti. Mwaka 2011 watafiti wa Scotland walikusanya vipimo vilivyokuwa vimechapishwa, wakakadiria kwamba mwanamume wa kwao hula miligramu 4.42 kwa siku na mwanamke 3.16. Linganisha na kikombe kimoja cha Sydney. Njia za kupima hazifanani, mmea wa shamba hili si wa shamba lile, na vyakula vya Sydney vilinunuliwa Sydney. Kwa hiyo jedwali litumike kupanga vyakula, kipi kiko juu na kipi kiko chini, wala lisigeuzwe daftari la kujumlisha miligramu kila mlo. Nilizojumlisha hapo juu nilitaka uone uzito uko upande gani, basi.

Na kwa mtu asiye na tatizo, salisileti ya chakula haina haja ya kuogopwa. Mwaka 2001 madaktari wa Dumfries, Scotland, walipima damu za watawa wa Kibudha wasiokula nyama, wakakuta asidi ya salisili nyingi kuliko kwa wala nyama, ingawa kidogo kuliko kwa wanaomeza aspirini ya miligramu 75 kila siku. Wako wanaodhani kwamba hiyo ni sehemu ya faida ya kula mboga. Usimpikie mume na watoto chakula chako eti kwa kuwa ni "salama zaidi". Wao mboga na matunda wanavihitaji kwa wingi na kwa rangi zote.

Jaribio lenyewe liwe na mwanzo na mwisho. Mwenye pumu, au aliyewahi kuvimba koo, asilifanye peke yake nyumbani. Hilo ni la daktari. Mwingine aandike kwanza kwa wiki moja anachokula, anachokunywa, dawa anazomeza na dalili anazopata, bila kubadilisha kitu. Kisha apunguze chai, bizari za kopo, rojo za kopo, matunda makavu, nanasi, machungwa na asali kwa wiki mbili hadi sita. Dalili zisipotikisika, salisileti haikuwa mkosaji, na vyakula vyote virudi mezani siku hiyohiyo. Hili la kurudisha ndilo watu hawalifanyi. Wanazoea kujinyima, wanakuwa na hofu, wanaongeza chakula kingine kwenye orodha ya marufuku kila wanapoumwa kichwa. Zikipungua, basi rudisha kimoja kimoja, kwa kiasi cha kawaida, siku kadhaa kila kimoja, mpaka ujue kiwango chako. Wengi hugundua wanaweza kikombe kimoja cha chai, ila viwili haviwezekani. Huo ndio ushindi wenyewe, kwa maana umepata kikombe kimoja.

Kwa watoto niwe mkali. Wazo la kuwanyima watoto salisileti ili watulie lilienezwa miaka ya 1970 na Ben Feingold, daktari wa mzio wa San Francisco, aliyezishtaki pamoja na rangi za viwandani. Jaribio kubwa la Southampton la mwaka 2007 liliona athari kwa baadhi ya watoto waliopewa rangi hizo pamoja na kihifadhi cha benzoeti, na tangu 2010 Ulaya vyakula vyenye rangi hizo hubandikwa onyo. Salisileti haikuwamo katika jaribio hilo. Mwaka 2013 madaktari wa Sydney, mji uleule lilikotoka jedwali, waliripoti watoto waliokuwa wamewekwa kwenye mlo usio na salisileti na kuishia na upungufu wa virutubisho, kukonda, na wengine kukiogopa chakula chenyewe. Mtoto anayekua hanyimwi matunda kwa kubahatisha.

Ugenini ni mtihani wa aina yake, kwa sababu kwetu kukataa chakula ni kumkataa mwenye nyumba. Ukianza kumweleza mama mkwe habari za kemikali za mimea utaonekana unaringa. Lipo neno ambalo halimuudhi mtu: "Shikamoo mama. Naomba wali na huyo samaki. Mchuzi daktari kanikataza kwa sasa." Atakuonea huruma, atakuongezea samaki. Na kama ni pilau, ule pilau. Ukatae chai.

Kilichobaki hakiko jikoni. Mtu anaweza kuwa anahesabu tende huku kwenye kabati la dawa ana mzigo unaozidi chakula cha mwezi. Kidonge kimoja cha kawaida cha aspirini ni miligramu 300. Dawa nyingi za dukani za kichwa na mafua ni mchanganyiko, na aspirini huwa imejificha katikati ya majina mengine. Mwombe mfamasia akusomee paketi mpaka mwisho, umtajie pumu yako kabla hajakukabidhi. Watoto na vijana walio chini ya miaka 16 wasipewe aspirini kwa homa bila daktari, wawe na tatizo hili au wasiwe nalo, kwa sababu ya ugonjwa wa Reye unaodhuru ini na ubongo. Dawa za kuchua zenye harufu kali ya moto, wanazopaka wacheza mpira na wenye mgongo, nyingi zina methili salisileti, na hiyo hupenya ngozi. Mafuta halisi ya mmea inakotoka, wintagrini, ni makali kupita yote: kijiko kimoja cha chai kina salisileti sawa na vidonge zaidi ya 20 vya aspirini. Chupa hiyo ikae juu kabisa, mtoto asipofika, na akiinywa hata kidogo apelekwe hospitali wakati huohuo na chupa yenyewe mkononi.